UZI: Kuseti rimoti moja iendeshe TV, king'amuzi na sabufa, kwa tulioko Mtwara na Lindi

#1 Fundi wa Chikongola

Wakuu habari za jioni. Ndugu zangu wa kusini, hodi.

Mezani kwangu kila wiki inaletwa rimoti iliyokufa, na mwenyewe anataka "nyingine kama hii hii". Shida ni kwamba TV nyingi zinazouzwa huku ni za majina ambayo rimoti zake haziuzwi peke yake. Mtu anazunguka soko lote la Mtwara mjini, anauliza Masasi, anaagiza Kariakoo, mwisho anaamua TV iendeshwe kwa batani za nyuma mpaka nazo zichoke. Kwa hiyo ninachotaka kusema kwenye uzi huu ni kimoja: ikopi rimoti yako wakati ingali hai. Ikishaoza au ikishakanyagwa na watoto, unabaki na kubahatisha.

Zamani TV ilikuwa na rimoti yake moja na antena juu ya paa, basi. Mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa, 31 Desemba 2012 kule Dar es Salaam na mikoani kwa zamu, kila nyumba ikalazimika kuwa na king'amuzi, na king'amuzi kikaja na rimoti yake. Sauti ya TV bapa ni nyembamba, ikanunuliwa sabufa, hiyo rimoti ya tatu. Wanaoumia ni wazazi wetu. Bibi anataka taarifa ya habari ya saa mbili usiku, inabidi amsubiri mjukuu aliyeko barazani kwa wenzake. Hilo linaniuma, maana dawa yake ipo na haifiki bei ya kuku wawili.

Sasa tuingie kazini. Rimoti za kuseti zilizoko madukani ni za aina mbili, na wauzaji wengi hawakuambii tofauti yake. Kuna ya namba. Hii kiwandani wameijaza orodha ya makampuni, Samsung, LG, Sony, Hisense, TCL, Philips na wengine, kila kampuni na namba zake, na kazi yako ni kuichagulia. Na kuna ya kukopi, ambayo inaitazama rimoti yako ya asili ikitoa ishara, inaishika ishara ile na kuirudia jinsi ilivyo. Hiyo ya pili utaijua kwa batani ya LEARN, au boksi lake limeandikwa Learning. Ukiwa na TV ya jina kubwa, ya namba inakutosha. Ukiwa na TV ya jina lisilojulikana, king'amuzi na sabufa, chukua ya kukopi na usibishane na mtu.

Kwa nini? Rimoti inatoa mwanga wa infraredi, wa nanomita 940 hivi, ambao jicho la mtu haliuoni. Jua nalo linatoa infraredi, jiko la mkaa linatoa, hata ukuta uliopigwa na jua unatoa. Ili TV isichanganyikiwe, mwanga wa rimoti unawaka na kuzima mara 38,000 hivi kwa sekunde, na jicho la TV limetengenezwa kujali mwako wa kasi hiyo tu. Ndani ya mwako huo ndimo ujumbe unapopita. Mfumo wa ishara wa NEC, kampuni ya Kijapani, ambao vifaa vingi vya Kichina vinautumia, unatuma vipande 32 kwa kila batani: anwani ya kifaa, anwani hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa, kisha amri, kisha amri iliyogeuzwa. Kule kugeuza ni kwa ajili ya kukagua kwamba hakuna kilichopotea njiani. Jicho likisoma anwani isiyo yake linanyamaza, ndiyo maana ukibonyeza rimoti ya king'amuzi TV haishtuki. Rimoti ya namba inabidi ijue anwani na amri za kifaa chako kabla. Ya kukopi haihitaji kujua, inashika mwako wote ulivyo.

Kuseti ya namba: washa TV kwanza. Shikilia SET mpaka kijitaa kiwake na kibaki kimewaka, andika namba ya kampuni kutoka kwenye karatasi yake, kijitaa kizime. Kampuni moja huwa na namba nyingi, jaribu moja moja. Karatasi ikipotea, tumia kutafuta kwenyewe: shikilia SET na batani ya TV (nyingine ni SET na kuzima, zinatofautiana), ielekeze kwenye TV, nayo itaanza kurusha amri ya kuzima ya kampuni moja baada ya nyingine. TV ikizima tu, bonyeza OK haraka kabla haijaruka kwenda nyingine. Halafu usishangilie mapema. Jaribu sauti, jaribu chaneli, jaribu MENU. Inatokea sana amri ya kuzima ikalingana na batani nyingine zikawa za TV isiyo yako. Ikiwa hivyo endelea kutafuta mbele.

Kukopi: weka betri mpya kwenye rimoti zote mbili, hapa usibane pesa. Zilaze mezani zikitazamana, kichwa kwa kichwa, zikiachana vidole viwili au vitatu, mbali na dirisha lenye jua. Shikilia LEARN mpaka kijitaa kiwake. Bonyeza batani ya rimoti mpya unayotaka kuifundisha, kisha bonyeza batani ya ile ya asili. Kijitaa kikipepesa, imeshika, nenda batani inayofuata. Ukimaliza bonyeza LEARN tena ihifadhi. Ile batani ya asili iguse na kuachia, usiikandamize. Kwenye NEC ukishikilia batani, ujumbe kamili unatoka mara moja, kisha kila baada ya milisekunde 110 hivi inatoka alama fupi tu ya kusema "bado nimeshikiliwa". Rimoti za bei ndogo zinaweza kuishika alama ile badala ya ujumbe, na batani yako ikawa mfu.

Na hapa ndipo utamu ulipo. Rimoti ya kukopi ina upande wa TV na upande wa king'amuzi, unachagua kwa batani ya juu. Fundisha batani za sauti za pande zote mbili kutoka kwenye rimoti ya sabufa. Mtu akiwa kwenye TV au kwenye king'amuzi, sauti inapanda na kushuka kwenye sabufa, hana haja ya kufikiri. Ukimpa mzazi, fundisha batani anazozihitaji tu na nyingine ziache tupu, asije akabonyeza akajikuta kwenye menyu ya Kichina.

Karibuni maswali.

#2 Mama wa Tandahimba

Asante fundi, Mungu akubariki, hii ya sauti nilikuwa siijui kabisa. Mimi swali langu: rimoti ya asili imeshakufa, hakuna cha kukopi. TV ni ya jina la ajabu ajabu, kwenye karatasi ya namba haimo. Nifanyeje?

#3 Fundi wa Chikongola

Pole mama. Usikate tamaa, jina la kwenye fremu si hoja. Viwanda vinavyotengeneza bodi za ndani ni vichache kuliko majina yanayobandikwa nje, hivyo TV yako inaweza ikaitikia namba ya kampuni nyingine kabisa. Tumia kutafuta kwenyewe, na uiache imalize mzunguko wote. Inachukua muda, mtu anachoka anaacha katikati, ndipo anasema rimoti mbovu.

Kingine: angalia jirani au ndugu mwenye TV ya jina hilo hilo. Muombe rimoti yake kwa nusu saa, ukopi kutoka kwake. Mkiwa na muundo mmoja anwani ni moja.

Na niulize: TV hiyo iliwahi kufunguliwa na fundi? Bodi kuu ikiungua, mafundi wengi tunaweka bodi ya jumla inayokuja na rimoti yake ndogo. Kuanzia hapo hata kama fremu imeandikwa Samsung, haiitikii tena rimoti ya Samsung. Mwenye mali asipoambiwa atahangaika miaka.

#4 Mama wa Tandahimba

Kumbe! Ilifunguliwa, ndiyo. Iliungua umeme uliporudi kwa nguvu, ikapelekwa kwa fundi, na ile rimoti ndogo nyeupe ilikuja nayo, tukajua ni zawadi. Ngoja niitafute kwenye droo.

#5 Fundi wa Chikongola

Itafute mama, na ukiipata ikopi kabla ya kulala.

#6 Kijana wa Mitwero

Mimi Lindi. Kwa heshima fundi, mbona mnajisumbua? Simu za Redmi zina taa ya infraredi juu kabisa, unafungua programu ya Mi Remote, unachagua kampuni, umemaliza. Nyumbani simu yangu inaendesha TV na feni, na ofisini kiyoyozi.

#7 Fundi wa Chikongola

Mdogo wangu, uko sahihi kwa simu zenye hiyo taa, na Xiaomi, wenye hizo Redmi, wamekuwa wakiiweka kwenye simu nyingi. Samsung nao waliiweka kwenye Galaxy S4, S5 na S6, kwenye S7 wakaiondoa. Mwenye S5 ya zamani imelala droo na skrini nzima, ana rimoti nzuri sana bila kujua.

Lakini simu inaondoka nawe. Ukienda kazini nyumbani wamebaki na nini? Na programu ile ni rimoti ya namba, imebeba orodha tu. Kwa sabufa isiyo na jina utapekua mpaka uchoke. Iwe ya akiba, rimoti ya mezani ibaki mezani.

#8 Kijana wa Mitwero

Hapo kwa sabufa umenishika, ni kweli haimo. Nimekuelewa kaka.

#9 Bandani Mikindani

Wakuu, nina banda la kuonyesha mpira. Nina TV mbili na ving'amuzi viwili vya kampuni moja ili siku mechi zikigongana kila upande uone yake. Nikibadili chaneli kimoja, na kingine kinabadilika! Siku ya Namungo na ligi ya Uingereza watu karibu wapigane. Rimoti ya kukopi itanitengea?

#10 Fundi wa Chikongola

Haitakutengea mjomba, na yeyote atakayekuuzia kwa ahadi hiyo anakudanganya. Ving'amuzi viwili vya muundo mmoja vina anwani moja. Rimoti ukikopi unakopi anwani ile ile, kwa hiyo vyote viwili vitaitikia.

Cha kufanya ni kuzuia mwanga. Jenga kijisanduku cha ubao au boksi gumu kila king'amuzi kikae ndani, mdomo umeelekea upande wake, hewa ipite nyuma maana vinapata moto. Au bandika utepe mweusi mzito kwenye jicho la kile usichotaka kukigusa. Utepe mwepesi haufai, infraredi inapita. Na rimoti usiipige ukutani, ukuta mweupe unarudisha mwanga. Ikiwezekana, king'amuzi cha pili kiwe cha kampuni tofauti, hapo umemaliza kesi.

#11 Mwalimu Nachingwea

Niongezee kwenye hilo la ukuta na jua. Mtu wa kwanza kutengeneza rimoti ya TV isiyo na waya, Eugene Polley wa kampuni ya Zenith huko Marekani, mwaka 1955, aliibuni kwa mwanga wa kawaida. Iliitwa Flash-Matic, na TV ilikuwa na macho kwenye pembe nne za skrini. Shida yake jua likiingia sebuleni TV inajibadilisha yenyewe. Mwaka 1956 mwenzake Robert Adler akaleta ya sauti nyembamba ambayo sikio la mtu halisikii. Infraredi imekuja baadaye. Na rimoti ya kuseti kwa vifaa vya makampuni tofauti ilitoka kwa Philips mwaka 1985, kwa jina lao la Marekani la Magnavox. Mwaka 1987 Steve Wozniak, yule mwanzilishi mwenza wa Apple, alitoa ya kwake iliyoitwa CORE ambayo ilikuwa inajifunza. Kwa hiyo haya tunayoyafanya leo kwenye meza ya fundi yana umri wa mtu mzima.

Sasa swali langu mimi mwenyewe. Nina TV ya Philips, nimekopi rimoti yake vizuri kabisa. Kila batani inafanya kazi. Lakini nikitaka chaneli 11 nabonyeza 1 mara mbili, inasoma 1 tu. Chaneli 22 vivyo hivyo. Chaneli 12 inakubali. Betri ni mpya. Nini hiki?

#12 Fundi wa Chikongola

Mwalimu, swali lako ni zuri kuliko yote humu na nimefurahi umeuliza, maana wengi wanairudisha rimoti dukani kwa kosa hili hili.

Philips hawatumii NEC. Wana mfumo wao wa RC-5, unaowaka mara 36,000 kwa sekunde, na ujumbe wake una vipande 14. Kimoja kati ya hivyo kinageuka kila unapobonyeza upya: mbonyezo wa kwanza ni 0, wa pili ni 1, wa tatu 0 tena. Kazi yake ni kuiambia TV kama umeachia kidole ukabonyeza mara ya pili, au umekishikilia tu. Rimoti ya kukopi imepiga picha ya mbonyezo mmoja, kile kipande kimeganda. Ukibonyeza 1 na 1, TV inaona kipande hakijageuka, inadhani hujaachia kidole. Ukibonyeza 1 na 2 amri zenyewe ni tofauti, kwa hiyo inazipokea zote.

Dawa ni mbili. Kwa Philips tumia upande wa namba, si wa kukopi, kwa sababu rimoti yenye namba ya Philips inajua kukigeuza kile kipande yenyewe. Rimoti nyingi za kukopi zina orodha ya namba ndani pia, angalia karatasi. Baada ya kuweka namba, fundisha kwa kukopi zile batani chache tu ambazo hazikukubali. Kama haina orodha, weka chaneli unazozipenda kwenye namba zisizorudia tarakimu.

Na Sony nao wana wa kwao, unawaka mara 40,000, na unarudia kila ujumbe angalau mara tatu. Huo kukopi unakubali, lakini gusa kwa sekunde nzima ili ishike marudio yote. Kwa hiyo lile neno langu la kugusa na kuachia ni la vifaa vya NEC, ambavyo ndivyo vingi huku.

#13 Mwalimu Nachingwea

Nimeweka namba ya Philips, chaneli 11 imekubali papo hapo. Shukrani sana fundi. Wanafunzi wangu wa fizikia kesho wanaletewa hili.

#14 Dada wa Shangani

Fundi mimi TV ni smati, ina ile rimoti nyembamba ya kuongea nayo. Nimenunua ya kukopi. Batani ya kuwasha imekubali, nyingine zote kijitaa hakipepesi. Nimebadilisha betri na muuzaji anasema tatizo ni mimi.

#15 Fundi wa Chikongola

Tatizo si wewe dada yangu. Washa kamera ya simu, ya mbele ndiyo nzuri zaidi maana ya nyuma mara nyingi ina kichujio cha infraredi. Elekeza rimoti ya asili kwenye kamera, bonyeza kuwasha. Utaona taa ya zambarau au nyeupe inawaka kwenye skrini ya simu. Sasa bonyeza sauti, bonyeza mishale. Kama hakuna mwanga, hizo batani zinatumia blututhi, ambayo ni redio. Rimoti ya kukopi inaona mwanga tu, redio haiioni. Kipimo hiki kila mtu akifanye kabla ya kununua rimoti yoyote. Fimbo ya Fire TV ya Amazon, kwa mfano, yenyewe haina jicho la infraredi kabisa.

Lakini hujakwama. Smati nyingi bado zina jicho la infraredi pamoja na blututhi, ndiyo maana kuwasha kumekubali. Jaribu kuweka namba ya kampuni yako kwenye rimoti ya namba badala ya kukopi, mara nyingi sauti, chaneli na mishale zinakubali. Utakosa kuongea nayo tu.

Njia nyingine, ambayo naipenda kuliko rimoti yoyote: king'amuzi chako kimeunganishwa kwa waya gani? Kama ni HDMI, ndani ya waya ule kuna njia ya mawasiliano inaitwa CEC. Samsung wanaiita Anynet+, LG wanaiita SimpLink, Sony Bravia Sync, lakini ni kitu kile kile. Iwashe kwenye mipangilio ya TV. King'amuzi au spika zako nazo zikiwa na CEC, rimoti ya TV inaamrisha vyote kupitia waya. Zile nyaya tatu za nyekundu, nyeupe na njano hazina hiyo njia.

Na siku rimoti yenyewe ikipotea, TV zenye mfumo wa Google zinakubali kuendeshwa na simu kupitia programu ya Google Home, mradi TV na simu ziwe kwenye waifai moja. Sharti TV iwe imeshaunganishwa mapema. Kwa hiyo iunganishe leo, rimoti ingali mkononi.

#16 Dada wa Shangani

Nimejaribu kamera, kweli ni kuwasha tu ndiyo inayowaka! HDMI ninayo. Nimeiwasha hiyo CEC, mishale ya TV inaendesha king'amuzi. Nashukuru kaka, nilikuwa nimeshaanza kulia.

#17 Mzee wa Newala

Vijana hamjambo. Nimesoma yote. Mimi shida yangu ni betri. Msimu wa korosho tunahamia shambani, nyumba ya mjini Mtwara inafungwa. Nikirudi naikuta rimoti imetapika, chemchemi za betri zina unga wa kijani na mweupe. Nimeshatupa kadhaa.

#18 Fundi wa Chikongola

Shikamoo mzee wangu. Huku pwani hewa ina chumvi na unyevu, chuma hakikai, na betri za bei ya chini zikiisha nguvu zinavuja haraka. Ukiondoka, zitoe betri kabisa. Ukirudi ukakuta unga, chovya pamba kwenye ndimu au siki kidogo, sugua chemchemi mpaka ing'ae, pangusa kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha ikauke vizuri kabla ya kuweka betri. Unga ule usiushike kwa mikono mitupu ukajipangusa macho, unachoma. Na kama batani zimekuwa ngumu, fungua rimoti, ule mpira wa batani uoshe kwa sabuni, bodi ipanguse kwa spiriti.

Kuna jambo moja la kuangalia hapo. Baadhi ya rimoti za kuseti zikikaa bila betri zinasahau kila kitu, nyingine zinahifadhi. Ijaribu yako kabla ya msimu: toa betri usiku, rudisha asubuhi. Kama inasahau na ni ya namba, andika namba yake kwa kalamu ya wino mzito ndani ya kifuniko cha betri. Kama inasahau na ni ya kukopi, hiyo irudishe dukani, haifai kwa maisha yetu. Ya asili usiitupe hata ukishakopi. Ifunge kwenye mfuko wa nailoni bila betri, uiweke na hati za nyumba.

#19 Mzee wa Newala

Marahaba mwanangu. Ndimu nimetumia, imewaka ile niliyodhani ni ya kutupa.

#20 Kijana wa Mitwero

Swali la mwisho kwangu fundi. Saa kumi jioni mpaka jua linazama rimoti yangu haishiki mpaka niisogeze karibu. Usiku iko vizuri. Betri nimebadilisha.

#21 Fundi wa Chikongola

Dirisha lako linatazama magharibi. Jua la jioni linaingia moja kwa moja kwenye jicho la TV, na jicho likizidiwa mwanga haliuoni wa rimoti. Pazia zito, au geuza TV ukuta mwingine. Ikitokea na usiku pia, chunguza taa za kubana umeme, baadhi zinapepesa mwanga unaolisumbua jicho. Izime moja moja uone ni ipi.

#22 Bandani Mikindani

Fundi nimejenga visanduku, kazi imekwisha. Ila nimeona kitu. Rimoti ya king'amuzi changu kimoja ina batani nne zimezungushiwa mstari, juu imeandikwa TV, na kuna SET pembeni. Hizo za nini? Sijawahi kuzigusa.

#23 Fundi wa Chikongola

Mjomba, hizo ni batani za kukopi. Umeshanunua tayari bila kujua! Wengi wanazo, wakuu kagueni rimoti za ving'amuzi vyenu kabla ya kwenda dukani. Shikilia SET mpaka kijitaa kiwake, bonyeza moja ya zile nne, elekezea rimoti ya TV, bonyeza batani ya TV, subiri kipepese. Utapata kuwasha TV, kubadili chanzo na sauti kwa rimoti ile ile ya king'amuzi.

#24 Bandani Mikindani

Na sauti nikitaka iwe ya sabufa badala ya TV, zitakubali, au kwa kuwa imeandikwa TV ni TV tu?

#25 Fundi wa Chikongola

Zitakubali. Maandishi ni ya nje tu, ndani inashika mwanga wowote utakaoionyesha. Zile mbili za sauti zifundishe kutoka rimoti ya sabufa, ya kuwasha na ya chanzo kutoka ya TV. Sabufa yenyewe utaiwasha kwa mkono, au iache ikiwa imewashwa na soketi uizime ukutani ukifunga banda.